Tingatinga Hununuliwa kwa Kuinama

Leo nataka kusema na mwenye tingatinga, na anayetaka kununua tingatinga, na yule ambaye hatamiliki hata moja maishani lakini mwaka huu atalikodi kufungua njia ya kufika kwenye ploti yake. Hao wa mwisho Kajiado wamejaa. Kuanzia Ongata Rongai, Nkoroi na Kiserian, mpaka Kitengela na Isinya na kuteremka na barabara ya Namanga, mashamba yanakatwa ploti, na ploti haiuziki vizuri kama lori la mawe halifiki. Basi tingatinga linaitwa. Linakuja limebebwa juu ya trela la lobedi, linateremshwa, linasukuma siku mbili tatu, linaondoka. Mwenye ploti analipa kwa saa, na kila mtu anadhani hesabu imeisha.

Haijaisha. Kuna deni limebaki chini ya mashine, na hilo ndilo nililokuja kulizungumzia.

Ukipita kwenye yadi za mashine za mitumba utamwona mnunuzi. Anapanda juu, anawasha injini, anakazia macho moshi. Anauliza mita inasoma saa ngapi. Anagonga bledi kwa ngumi, anafurahia rangi ya manjano iliyopigwa juzi. Kuinama hainami, maana huko chini kuna matope na grisi, naye amevaa suruali nzuri. Lakini pesa yake iko huko huko chini. Watengenezaji na mafundi wa mashine hizi, hata wakibishana juu ya mengine yote, hili wanakubaliana: katika maisha ya tingatinga, karibu nusu ya gharama ya matengenezo huliwa na miguu. Injini, gia na haidroliki zote zinagawana hiyo nusu iliyobaki.

Miguu yenyewe mafundi wanaiita andakareji, na kwa asiyewahi kuitazama kwa karibu, iko hivi. Kila upande una cheni ya chuma. Cheni ni viungo vilivyoshikwa na pini, na kila pini inazunguka ndani ya bushi. Juu ya cheni vimefungwa kwa boliti vile vibao vinavyokanyaga ardhi, vinaitwa viatu, kila kiatu na ukingo wake uliosimama wa kung'ata udongo. Sproketi yenye meno ndiyo inayovuta. Mbele kuna gurudumu kubwa lisilo na meno, aidla, linaloielekeza cheni na kuiweka katika mkazo wake. Chini, katikati, ziko rola zinazobeba uzito wote. Kwenye Caterpillar nyingi sproketi imeinuliwa juu, mtindo ulioanza na D10 mwaka 1977, na hapo aidla zinakuwa mbili kila upande. Tingatinga la ukubwa wa D6, ambalo ndilo tunaloliona sana kwenye kazi za mitaani, lina uzito wa kama tani 20. Tani hizo zote zinatembea juu ya chuma kinachosuguana na chuma, na katikati yake umeingia udongo wetu.

Utasikia watu wakisema cheni imevutika. Chuma cha namna ile hakivutiki. Pini inalika, bushi inalika kwa ndani, na kila kiungo kinapata ulegevu mdogo usioonekana kwa jicho. Jumlisha ulegevu huo katika viungo karibu 40 vya upande mmoja, cheni inakuwa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani, na sasa inafanya kama mnyororo wa baiskeli uliochoka: inapanda mgongoni mwa meno badala ya kukaa kati yake.

Kwa hivyo njoo na futi ya chuma. Kwenye D6R, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni milimita 203. Ruka pini ile ya kufungia cheni, hakikisha cheni imekazwa, kisha pima viungo vinne mfululizo. Cheni mpya itakupa milimita 812. Ukipata zaidi, unasoma maisha yaliyokwisha kutumika, na hakuna rangi inayoweza kuyaficha. Halafu pitisha kidole kwenye bushi upande unaogusana na meno. Bushi mpya ni ya mviringo kamili. Iliyofanya kazi ina bonde, na kidole kinalisikia kabla jicho halijaliona. Tazama jino la sproketi: likiwa jipya lina kichwa butu, likichoka limechongoka. Rola nayo, ikiwa imezungukwa na vumbi jeusi lililolowa oili, sili yake imekufa.

Hapo ndipo muuzaji atakapokuambia, "Mkubwa, hii bado iko na maisha." Muulize: maisha katika udongo gani? Swali hilo sijasikia likiulizwa mara nyingi, na ndilo linalotofautisha cheni itakayodumu saa 5,000 na ile itakayokuwa imekwisha kwenye saa 2,000.

Sasa nisikilize vizuri, maana Kajiado haina udongo mmoja.

Anza Kitengela. Pale Noonkopir, na uwanda wote unaotoka Athi River kuelekea Isinya, umetandikwa ule udongo mweusi ambao wajenzi wanauita blakikotoni. Ukilowa unanata kila mahali. Unajaa kati ya meno ya sproketi, unashindiliwa, na bushi haipati tena nafasi ya kukaa pale ilipochongewa. Cheni inakuwa imekazwa na matope yenyewe, hata kama asubuhi uliiacha na ulegevu wake sawa. Mvua ikikatika, udongo ule ule unakauka ukawa mgumu ajabu. Mashine iliyolazwa jioni bila kuchokolewa matope itaamka na rola zilizoganda. Opareta anawasha, anaondoka, cheni inateleza juu ya rola isiyozunguka, na rola inapata bapa. Ikishapata bapa haitazunguka sawasawa tena. Na sababu ni tanboi, msaidizi wa opareta, ambaye hakupewa koleo na nusu saa ya mwisho ya siku.

Isitoshe, udongo huo mweusi si mnene kila mahali. Chini yake kuna jiwe gumu la volkano. Kwa hiyo unaweza kuanza kazi asubuhi kwenye tope na kufika mchana unakwaruza mwamba, ploti ile ile.

Njoo Rongai na Kiserian. Huku jiwe liko karibu na uso wa nchi, na waliowahi kukaa Kware wanajua mtaa ulivyoishi na machimbo yake. Jiwe halilambi chuma polepole. Linagonga. Kiatu kinakanyaga ncha moja ya jiwe, na sehemu kubwa ya zile tani 20 inaegemea hapo. Viatu vinapinda, boliti zinakatika vichwa, viungo vinapata nyufa.

Shuka sasa mpaka Kajiado mjini na Bissil. Volkano imebaki nyuma, uko juu ya miamba mikongwe kabisa, ile ile inayotoa marumaru ya Turoka, na mito yake ya msimu imejaa mchanga unaogombaniwa na malori kila siku. Mchanga huo una kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Inakikwaruza hata kikiwa kimepikwa kikawa kigumu. Haina kelele za jiwe wala kero za tope. Mashine inakwenda vizuri, opareta anafurahi, na cheni inasagwa kimya kimya. Wafugaji wanaochimbisha silanga za kuvunia maji ya mvua huko wanapenda kazi iende haraka kabla mawingu hayajafika, na haraka ndani ya mchanga ndiyo inayomaliza chuma.

Udongo wa namna tatu ndani ya kaunti moja, na lobedi inaweza kuizungusha mashine moja kote huko ndani ya wiki. Walipojenga reli ya SGR kutoka Nairobi hadi Suswa, kilomita 120, iliyozinduliwa Oktoba 2019, walipita hapa hapa kwetu: kituo cha Ongata Rongai, kisha handaki la zaidi ya kilomita 4 kupenya vilima vya Ngong. Mkandarasi wa kiwango kile anaweza kuchagua mashine hii ni ya mwamba, ile ni ya tope, na ana stoo yake ya vipuri. Mtu wa Kitengela mwenye tingatinga moja lililonunuliwa kwa mkopo hana anasa hiyo. Chaguo lake moja lazima lihimili vyote vitatu, na chaguo hilo linaanzia kwenye viatu.

Wengi hukosea hapa hapa. Tingatinga limezama mara moja Kitengela, mwenyewe amelipia mashine nyingine ije kulivuta, ameaibika mbele ya mteja, na akitoka hapo anaapa kufunga viatu vipana. Si upumbavu. Tope lilichangia kuzaliwa kwa magari ya cheni: Benjamin Holt wa Stockton, California, alilijaribu lake mwaka 1904 kwa sababu mashine za magurudumu zilikuwa zinazama kwenye mashamba laini ya delta. Kiatu kipana hutawanya uzito. D6 ya kawaida inavaa kiatu cha milimita 560. Ile iliyoundwa kwa mabwawa na tope inavaa cha milimita 915. Ukiona tope la Aprili unatamani hicho kikubwa.

Lakini tope la Kitengela ni la miezi michache, na jiwe la Rongai ni la mwaka mzima. Kiatu kipana kikikanyaga jiwe kwa ukingo wake wa nje, kinavuta kiungo na pini kwa nguvu ya wenzo. Kadiri kilivyo kipana, ndivyo kinavyopinda kirahisi na kulegeza boliti. Kwenye kona kinaburuza udongo mwingi zaidi, na cheni yote inasokotwa. Kanuni ya watu wa mashine ni kufunga kiatu chembamba kuliko vyote ambacho bado hakikuzamishi. Mimi nikipewa tingatinga moja la kufanyia kazi Rongai hadi Bissil, nafunga cha kawaida, na wiki za mvua kubwa nakataa kazi za Kitengela. Kuna watakaosema kukataa kazi ni wazimu. Nawaomba wapige hesabu ya cheni mbili mpya kabla ya kunicheka.

Kutojua udongo kabla ya kununua chuma ni kosa lenye historia ndefu katika eneo letu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, Tanganyika. Walikusudia kufyeka ekari 150,000 mwaka wa kwanza. Mashine waliziokota kwenye mabaki ya Vita vya Pili, nyingine zikatoka Ufilipino, na baadaye hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa, mvua ikishakatika, ulikauka ukawa haupenyeki, na ukali wake ulitafuna majembe. Mwaka huo wa kwanza haujafika mwisho, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Vipuri havikuwepo, mafundi hawakutosha. Mpango ukafungwa 1951 na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimekwenda. Hao walikuwa na hazina ya serikali nyuma yao. Mwenye tingatinga moja ana Sacco.

Tuje kwenye chuma chenyewe, kwa sababu najua simu zitapigwa kuuliza: orijino au ya mbadala? Caterpillar, Komatsu, Shantui ya Kichina, au cheni za viwanda vinavyotengenezea mashine za wengine, kama Berco ya Italia? Nitajibu kwa mzunguko kidogo. Kiungo, rola na bushi hupikwa vikawa vigumu kwa nje, lakini moyo wake huachwa laini kiasi ili visivunjike vikigongwa. Tabaka hilo gumu lina kina chake. Likishalika lote, chuma laini kinabaki wazi na kinakwisha upesi. Kwa hiyo rola mbili zinaweza kuwa ngumu sawa siku ya kununua, moja ina tabaka nene na nyingine ina ngozi tu. Tupa haitakuonyesha, maana itateleza juu ya zote mbili. Kinachoweza kukusaidia ni karatasi ya kiwanda inayotaja kina cha ugumu, na mizani. Weka rola ya bei ya kutupa na ya kiwanda kinachojulikana juu ya mizani. Ile nyepesi imepunguziwa chuma mahali fulani, na mahali penyewe utapajua ukiwa Bissil.

Sina ugomvi na vipuri mbadala vya kiwanda chenye jina. Nina ugomvi na kuchanganya. Kufunga cheni mpya juu ya sproketi zilizochongoka ni kuinunulia cheni yako ugonjwa: meno yaliyozoea urefu wa zamani yataitafuna bushi mpya mpaka zifanane. Na wale ndugu zetu wa jua kali, nawaheshimu. Ukingo wa kiatu uliolika wanauchomelea chuma kipya na unafanya kazi vizuri. Lakini jino la sproketi lililojazwa kwa kukadiria na jicho halina kipimo, na uharibifu wake utaulipia kwenye cheni.

Kama cheni yako ni ile yenye oili ndani ya pini, jambo lililokuja kwa matingatinga katika miaka ya 1970, umepata adui mmoja pungufu, maana pini na bushi hazisuguani tena zikiwa kavu. Oili hudumu sili zikidumu. Kiungo kilichopoteza oili hujulikana jioni mashine inaposimamishwa: kina joto kuliko jirani zake. Opareta mzoefu hupitisha kiganja karibu na viungo, bila kugusa, na huweza kukuambia cha ngapi kimekufa. Pia bushi za cheni nyingi zinaweza kung'olewa kwa presi na kugeuzwa nusu mzunguko, upande mzima ukaja kwenye meno. Lifanye mapema. Anayesubiri mpaka bushi ikatoboka hana tena cha kugeuza.

Yote hayo ni chuma. Lakini hata chuma bora kabisa kinauawa kwa mambo mawili ya kila siku, na kuyaacha yote mawili ni bure. La kwanza ni cheni iliyokazwa mno. Mtu anaona cheni imelegea kidogo pale juu, anadhani ni ubovu, anapiga grisi mpaka inyooke. Ulegevu ule unatakiwa. Kitabu cha mashine kitakupa kipimo, na kwa nyingi za ukubwa huu ni sentimita chache, nne au tano hivi. Upime mahali pa kazi, na matope yakiwamo, usiupime kwenye yadi iliyosafishwa. La pili ni rivasi ya mbio. Tingatinga linasukuma likienda mbele, kisha linarudi tupu, na opareta anaona kurudi ni muda wa kupoteza, analikimbiza. Bushi huzunguka zaidi dhidi ya jino ikiwa na mzigo wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda, na mwendo unazidisha. Kilomita za nyuma zinakula zaidi kuliko za mbele, na hazijasukuma hata toroli moja ya udongo.

Na kwa nini anakimbiza? Kwa sababu mteja amesimama pembeni na saa mkononi. Nilisema mwanzoni kuna deni linalobaki chini ya mashine. Tunakodisha kwa saa moja bei moja. Saa ya udongo laini na saa ya mwamba wa Rongai zinalipwa sawa, ingawa hiyo ya pili inakula miguu kwa kasi kubwa zaidi. Mteja wa Rongai anafurahi bila kujua kwamba gharama yake inalipwa na mteja wa Kitengela, au na mwenye mashine, au na benki ya mwenye mashine. Mteja anataka saa ziwe chache, opareta anataka asifiwe na mteja, na mwenye kuilipia cheni yuko Nairobi ofisini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka kitabu ndani ya kebini: tarehe, mahali, saa, udongo. Pima viungo vinne kila saa 250 unapobadilisha oili ya injini, uandike. Baada ya mwaka utakuwa na bei yako mwenyewe ya kila saa ya mwamba, iliyotoka kwenye cheni yako, na utaweza kuandika kwenye mkataba bei mbili: hii ya udongo, hii ya jiwe. Mteja atalalamika. Mwonyeshe kitabu. Na wewe mteja unayenisikiliza, ukipata mtu anayekutoza zaidi kwa jiwe, usimkimbie kumtafuta wa bei moja. Huyo wa bei moja aghalabu ndiye ambaye cheni itamkatikia katikati ya kazi yako, na mashine ikalala mlangoni pako wiki tatu ikisubiri speya.

Opareta naye apewe chake. Nimewahi kupendekeza kwa wenye mashine kadhaa kwamba cheni ikifika saa walizokubaliana ikiwa bado ndani ya kipimo, opareta na tanboi wagawiwe sehemu ndogo ya fedha iliyookolewa. Wengi walinijibu kwamba watu hao wana mishahara yao tayari. Mmoja, mwenye mashine mbili huku Kiserian, alikubali kwa mashine moja tu, ile mbovu, ili aone. Bado anapima.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutazungumzia lobedi: nani analipa mashine ikifika ploti na mvua ikaanza.